Taji la 1979 ni la nani?

Pembetatu. Mraba wenye duara ndani yake. Beseni lenye mstari wa maji. Pasi yenye nukta.

Nilikuwa nimeigeuza fulana ndani nje, nimeitandaza mezani, na taa nimeishusha hadi joto lake linanigusa mkono. Nilikuwa natafuta ushahidi. Niliupata, ila haukuwa ule nilioutaka.

Ni fulana ya kijani yenye maandishi ya njano, ya Seattle SuperSonics, timu ya zamani ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Kifuani kuna nusu mpira, ndani yake majengo ya Seattle na ule mnara wao, Space Needle, na chini yake maneno ya ubingwa wa dunia, mwaka 1979. Hii ndiyo fulana ya kwanza niliyoinunua kwa nia ya kuitunza. Za timu nyingine za ligi hiyo, Lakers, Celtics, Pistons na Bulls, zote zilikuja baadaye, na zote nilizikagua kabla ya kutoa hela. Hii sikuikagua. Nilipoinunua nilikuwa sijui hata kwamba fulana hukaguliwa.

Na sasa lebo ya shingoni ilikuwa inaniambia kwamba fulana yangu haikuwepo duniani mwaka 1979.

Swali la mpwa wangu

Yote yalianza Juni 22, 2025, Oklahoma City Thunder walipoifunga Indiana Pacers 103 kwa 91 kwenye mchezo wa 7 wa fainali. Nilifurahi. Nyota wa Thunder, Shai Gilgeous-Alexander, namheshimu tangu zamani, na timu ile ilicheza kikapu cha kujituma kutoka mwanzo wa msimu hadi mwisho.

Mpwa wangu alikuwa na simu mkononi.

"Mjomba, kumbe Thunder wana mataji mawili?"

"Moja," nikamwambia. "Ndiyo kwanza wamelipata."

Akanigeuzia simu. Kwenye orodha ya mabingwa wa NBA, mbele ya jina la Oklahoma City Thunder, palikuwa na miaka miwili: 1979 na 2025.

Nilijua. Bila shaka nilijua. Anayekusanya fulana za ubingwa hawezi kukosa kujua kwamba Thunder ndio Seattle SuperSonics waliohamishwa mwaka 2008. Lakini kujua jambo ni kimoja, na kuliona limeandikwa mstari mmoja na furaha ya watu wengine ni kingine. Nikamwambia mpwa wangu asubiri, nitamwonyesha taji la 1979 ni la nani. Nikaenda kufungua sanduku.

Mwanzo nilidhani kilichoniuma ni ile orodha. Wiki zilizofuata zikanionyesha kuwa ni zaidi ya orodha.

Mitupo 14

Kila fulana ya ubingwa ina mwaka mmoja mbele na mwaka mwingine nyuma usioandikwa. Kwa Seattle, mwaka huo wa nyuma ni 1978.

Msimu wa 1977-78 Sonics, ndivyo SuperSonics wanavyoitwa kwa kifupi, walianza kwa kushinda michezo 5 na kupoteza 17. Kocha akaondolewa, akapewa kazi Lenny Wilkens, na timu ile ile iliyokuwa inadharauliwa ikafika fainali dhidi ya Washington Bullets. Ikafika mpaka mchezo wa 7. Nyumbani.

Beki wao kijana, Dennis Johnson, alitupa mpira kikapuni mara 14 usiku ule. Haukuingia hata mmoja. Bullets wakashinda 105 kwa 99 na kushangilia ubingwa kwenye sakafu ya Seattle.

Mara kumi na nne.

Nimewahi kukaa na kuhesabu kwa sauti, moja hadi kumi na nne, nikiacha nafasi kati ya namba na namba kama mtu anayesubiri mpira ushuke. Ukifika tisa unaanza kumwonea huruma kijana wa watu. Ukifika kumi na mbili unajiuliza moyo wa kutupa tena anautoa wapi.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka uliofuata timu hizo mbili zikakutana tena fainali. Bullets wakachukua mchezo wa kwanza kwa tofauti ya pointi mbili, kisha Sonics wakashinda minne mfululizo. Juni 1, 1979, ugenini Landover, Maryland, ubao ukasoma 97 kwa 93. Gus Williams, Jack Sikma, Fred Brown, Paul Silas, wote mabingwa. Na mchezaji bora wa fainali akawa yule yule Dennis Johnson.

Hao ndio mabingwa wa mwisho wa NBA kabla ya mstari wa pointi tatu kuanza kutumika. Msimu uliofuata mstari ukachorwa, na aliyeongoza ligi nzima kwa asilimia za mitupo hiyo alikuwa Fred Brown wa Seattle, ambaye kwa miaka yote ya nyuma alikuwa akitupia huko huko mbali na kulipwa pointi mbili.

Sasa niambie: mtu wa Oklahoma City anaifanyia nini ile mitupo 14? Hakuilalia usiku. Hakutoka ukumbini ameinamisha kichwa. Na kama hana 1978, ataipataje 1979?

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimejipanga kumwambia mpwa wangu, fulana ikiwa mkononi.

Kidole kwenye mshono

Kwa wasiokusanya, fulana husomwa hivi. Kwanza unaangalia pindo la chini na la mikono. Fulana nyingi za Marekani mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilishonwa pindo kwa mstari mmoja wa uzi. Baadaye viwanda vikahamia kwenye mistari miwili iliyolala sambamba. Kisha unashika kitambaa. Cha zamani mara nyingi ni nusu pamba nusu poliesta, chepesi, kimelainika hadi karibu kuonyesha mwanga. Unaangalia wino kama umepasuka kwa kufuliwa au kwa kulazimishwa. Halafu unafika kwenye lebo.

Lebo haina haya. Itakuambia hata usichouliza.

Marekani imewataka watengenezaji washone maelekezo ya kufua ndani ya nguo tangu 1972, na maelekezo hayo yalikuwa ya maneno. Ni mwaka 1997 tu waliporuhusiwa kuweka alama badala ya maneno. Kwa hiyo fulana ya timu ya Marekani, iliyotengenezwa kuuzwa Marekani, ikiwa na pembetatu na beseni bila neno la kuzieleza, karibu hakika ni ya baada ya hapo.

Nilijitetea. Ulaya walikuwa wanatumia alama hizo miaka mingi kabla, nikajiambia, labda hii ilitengenezwa kwa ajili ya wateja wa huko. Nikaligeuza pindo. Mistari miwili, imenyooka, safi kabisa. Nikageuza lebo upande wa nyuma. Herufi ndogo zikasema imeshonwa Honduras.

Basi.

Mpwa wangu alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote ule. Hakucheka, na namshukuru kwa hilo.

"Kwa hiyo mjomba, hii ni feki?"

Sikumjibu. Nilikunja fulana, nikaizima taa.

Mezani kwa mawakili

Siku zilizofuata nilirudi kusoma mambo ya 2008, safari hii polepole. Mwaka 2006 kundi la wafanyabiashara wa Oklahoma likiongozwa na Clay Bennett liliinunua timu kwa dola milioni 350 kutoka kwa kundi la Howard Schultz, yule wa kampuni ya kahawa ya Starbucks. Mji wa Seattle ulikuwa na mkataba wa ukumbi hadi 2010, ukaenda mahakamani kuulinda. Kesi ikasikilizwa. Julai 2, 2008, siku ambayo jaji alikuwa atoe hukumu, pande mbili zikapatana: dola milioni 45 kwa mji, na timu iondoke.

Katika mapatano yale jina la Sonics na rangi zake vilibaki Seattle. Kombe la 1979 na bendera za ubingwa zilizotundikwa ukumbini zikabaki Seattle pia, zikahifadhiwa kwenye makumbusho ya mji. Na historia? Historia ikakubaliwa kuwa ya pamoja.

Neno hilo, pamoja, nililisoma mara nyingi. Unaweza kugawana shamba. Unaweza kugawana nyumba hata kama mmegombana, huyu vyumba vya mbele na yule vya uani. Lakini mapigo ya moyo ya watu waliokuwa ukumbini usiku fulani utayagawa vipi?

Jambo moja huwa halisemwi vya kutosha. Waliouziwa Sonics waliuziwa pia timu ya wanawake, Seattle Storm. Mapema mwaka ule ule wa 2008 wanawake wanne wa Seattle wakainunua Storm ibaki nyumbani. Imebaki, na imechukua mataji mengine 2010, 2018 na 2020. Sanduku langu halikuwa na fulana hata moja ya Storm. Nililigundua hilo nikiwa katikati ya kulalamika kwamba Seattle imenyang'anywa ubingwa, na nilinyamaza kidogo.

Na Lakers je?

Hapa ndipo hoja yangu ilipoanza kuyumba.

Nina fulana ya Lakers ninayoipenda sana, ya miaka ya 1980. Kila nikiitaja timu ile nasema ina mataji 17. Sijawahi kusita. Lakini matano kati ya hayo, 1949, 1950, 1952, 1953 na 1954, yalichukuliwa Minneapolis. Hata jina Lakers linatokana na "lakes", yale maziwa ya maji ya jimbo la Minnesota uliko mji huo. Timu ikahamia Los Angeles 1960 na maziwa yake mdomoni, na sisi wote tunahesabu 17 bila kumuuliza mtu wa Minneapolis anaonaje.

Golden State wanahesabu mataji ya 1947 na 1956 waliyoyapata wakiwa Philadelphia. Atlanta wana moja tu, la 1958, nalo ni la St. Louis. Sacramento Kings wana moja tu, la 1951, na hilo lilichukuliwa Rochester, New York, kabla timu haijapitia Cincinnati na Kansas City. Nikimwambia shabiki wa Sacramento kwamba taji ni la mji, nimemwacha mikono mitupu.

Naweza kweli kumwambia hivyo?

Jumapili moja nilipanga fulana zangu zote sakafuni, kwanza kwa timu, kisha kwa miji. Kila mpangilio ulimwonea mtu. Nikazirudisha sandukuni bila mpangilio wowote, nikaacha kuandika makala hii kwa siku kumi hivi.

Kilichonirudisha ni jambo la 2002. Mwaka huo Lakers waliwaita wakongwe wao wa Minneapolis, wakawaheshimu mbele ya mashabiki wa Los Angeles, miaka zaidi ya arobaini baada ya timu kuhama. Waliyakubali mataji yale pamoja na watu wake. Oklahoma City hawakuwahi kuitundika bendera ya 1979 ukumbini mwao. Hawaidai. Na mimi siwalaumu. Naona kuna adabu katika kutoidai. Mwaka 2025 walishangilia kama watu wanaopata taji la kwanza, kwa sababu kwao lilikuwa la kwanza.

Kwa hiyo orodha inasema mawili, mji wa Oklahoma unasema moja, na kombe lenyewe limekaa Seattle nyuma ya kioo.

Dawa yake ipo, maana ilishatumika. Charlotte walipoipoteza Hornets mwaka 2002 ikaenda New Orleans, rekodi zao ziliondoka nayo. Mwaka 2014 ligi ikawarudishia jina na rekodi zote za 1988 hadi 2002, na New Orleans wakaanza kuhesabu yao tangu 2002. Haikumdhuru mtu. Sioni kwa nini 1979 isirudishwe vivyo hivyo, hata kabla Seattle haijapata timu nyingine. Huo ndio msimamo wangu, na nimeufikia taratibu, si kwa hasira ya usiku ule.

Aliyeichapa

Ilibaki fulana.

Wakusanyaji wenzangu niliowatumia picha za lebo walikuwa na jibu moja: itoe, uza kwa bei ya chini au gawa, nafasi ni ndogo. Mmoja aliniambia kwa upole kwamba kila mkusanyaji ana fulana yake ya kwanza iliyomdanganya.

Lakini mimi nilibaki na swali jingine. Fulana hii imechapwa baada ya 1997. Mwaka mmoja kabla, 1996, Sonics walikuwa fainali tena, wakafungwa 4 kwa 2 na Bulls wale walioshinda michezo 72 msimu ule. Rangi zao zilikuwa zimebadilishwa, kijani cha zamani na njano vikawekwa kando mpaka 2001. Timu ilikuwa na jezi mpya, nyota wapya, nembo mpya. Ni nani, katika wakati kama huo au baada yake, aliyekaa akaamua kuchapa tena nusu mpira ule na majengo yale na mwaka ule?

Biashara, utasema. Ni kweli, kwenye fulana za ubingwa biashara haikosekani. Pat Riley alilisajili kama alama yake ya biashara neno "three-peat", yaani kutwaa taji mara tatu mfululizo, mwaka 1988, akiwa kocha wa Lakers. Lakers wakafungwa na Pistons 1989 bila kushinda mchezo hata mmoja wa fainali. Halafu Bulls walipofanikiwa 1993, fulana zao zilizobeba neno lile zikamlipa Riley. Kila ninapoigusa fulana yangu ya Bulls ya mwaka huo nalikumbuka hilo.

Ila mtu hachapi asichotarajia kununuliwa, na hakuna anayenunua fulana ya 1979 miaka ishirini au thelathini baadaye kama ile 1979 imekufa moyoni mwake. Pengine ilichapwa kwa ajili ya waliotaka kijani kirudi. Pengine ni ya 2008, siku ambazo mashabiki walikusanyika nje ya mahakama wakiomba timu isiondoke, wamevaa kijani na njano. Uzi na lebo haviwezi kunifikisha huko. Vinanifikisha baada ya 1997 na kuniacha hapo.

Nilimpigia mpwa wangu simu.

"Lile swali lako la siku ile," nikamwambia. "Fulana si ya 1979. Lakini si feki pia. Ni ya mtu aliyekuwa anaikumbuka 1979."

Akakaa kimya kidogo. "Kama wewe, mjomba."

Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo nina daftari. Kila fulana ina mstari wake: timu, mwaka, lebo, mshono, hali. Mstari wa kwanza kabisa, kwa mwandiko wa zamani kidogo, ulisomeka: Seattle, 1979, orijino.

Neno la mwisho nimelikata. Kwenye nafasi ya lebo nimeandika: alama tupu, Honduras, baada ya 1997. Kwenye mshono: mistari miwili. Kwenye nafasi ya mwaka nilishika kalamu kwa muda, kisha nikaiacha 1979 ilivyo na kuongeza neno moja mbele yake, ikawa "kumbukumbu ya 1979". Kwenye nafasi ya timu sikubadilisha kitu.

Mstari wa chini kabisa wa daftari ni mpya: Storm, 2010. Iko njiani.

Fulana za zamani sivai. Jasho na jua huzimaliza, na mshono mmoja ukikatika pindo lote hufumuka. Kwa miaka yote hii ile ya kijani ilikaa imekunjwa kwenye karatasi laini, sehemu ya juu ya sanduku, ikingoja kuonyeshwa.

Jana niliivaa. Mpwa wangu alikuja, tukaenda uwanjani, tukatupa mpira mpaka giza likaingia. Nilitupa vibaya mwanzoni, kisha mkono ukakumbuka. Njia nzima lebo ilikuwa inanikwaruza shingoni, na sikuikata.